Mwaka wa Sita Hulisha wa Saba



Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo wazazi wetu hawakulijua sana, lakini ambalo siku hizi linabisha hodi katika nyumba nyingi za Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya na Embu. Ni pale mume au mke aliyeajiriwa anapotaka kuiacha kazi kwa muda mrefu, miezi sita au mwaka mzima, kisha airudie. Mmoja anataka kusoma. Mwingine ana mama mgonjwa kijijini. Mwingine amechoka tu, na anaona ya kuwa asipopumzika ataanguka. Je, wanandoa walipokee namna gani jambo hili?

JIONI MOJA JIKONI

Tuchukue mfano wa mume na mke ambao si wa parokia fulani, bali wanapatikana katika kila parokia. Mume ni mwalimu wa sekondari karibu na Karatina, naye amefundisha kwa miaka 16. Mke ni muuguzi katika hospitali mojawapo ya Nyeri. Wana watoto watatu, ng'ombe mmoja wa maziwa, na michai kidogo katika shamba la urithi. Kwa miaka miwili mume amekuwa akisomea shahada ya pili wakati wa likizo za shule. Sasa amebakiza utafiti na kuandika.

Jioni moja anaingia jikoni akiwa na barua mfukoni. Ameruhusiwa likizo ya masomo ya mwaka mmoja bila mshahara. Anaisoma barua kwa sauti, kisha anangoja kusikia kigelegele. Mke anaendelea kusonga ugali. Baada ya kimya kirefu anasema: "Baba watoto, ulimwuliza mwalimu mkuu, ukaiuliza na Tume. Mimi hukuniuliza. Umeniarifu."

Usifanye haraka kumhukumu mmoja wao. Mume hakuficha kwa ubaya. Aliogopa kwamba angekataliwa, na akaona afadhali aibu hiyo aimeze peke yake. Mke naye hana wivu na masomo ya mumewe. Lakini wakati barua ile inasomwa, yeye tayari alikuwa anahesabu: karo ya Januari, deni la sacco, zamu zake za usiku, na ni nani atakayemkamulia ng'ombe. Mume aliona mlango umefunguka. Mke aliona mzigo ukishushwa begani mwake bila yeye kuulizwa kama bega lina nafasi.

LIKIZO HII NI YA NAMNA GANI?

Yafaa kwanza tujue tunazungumza juu ya kitu gani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa siku 21 za kazi za likizo yenye mshahara kila baada ya miezi 12 ya utumishi. Inampa mama miezi 3 ya uzazi, na baba wiki 2. Inaagiza pia siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Lakini sheria hiyo haimpi mtu haki ya kukaa nje ya kazi mwaka mzima kwa ajili ya kusoma, kupumzika au kumwuguza mzazi. Likizo ndefu ya namna hiyo hutoka katika kanuni za mwajiri au katika mapatano kati yake na mfanyakazi.

Wahadhiri ndio wanaoijua zaidi. Katika vyuo vikuu vingi duniani, mwalimu aliyefanya kazi miaka 6 mfululizo aweza kuomba mwaka wa 7 akafanye utafiti, aandike au afundishe mahali pengine. Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kilianza utaratibu huo mwaka 1880, na wengine wakaufuata. Leo mlima wetu umezungukwa na vyuo vikuu: Dedan Kimathi pale Nyeri, Karatina, Kirinyaga, Embu, Chuka na Meru. Kwa hiyo jambo hili si geni tena kwa jirani zetu. Walimu wa shule nao huomba likizo ya masomo kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Wengine huipata pamoja na mshahara, wengine bila mshahara.

Kwa vyovyote vile, usiondoke kazini kwa neno la mdomo. Pata barua yenye tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, na maelezo kama mshahara utaendelea na kama nafasi yako itangoja. Mwalimu anayeondoka kabla ya ruhusa kutolewa kwa maandishi anahesabiwa kuwa mtoro kazini, hata kama sababu yake ilikuwa njema. Mke au mume aione barua hiyo, aisome, na nakala ikae nyumbani.

WALIULIZA, "TUTAKULA NINI?"

Mwaka huo wa 7 haukubuniwa na wahadhiri. Waliuazima katika sheria ya Musa. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliagizwa kulima miaka 6, na mwaka wa 7 kuiacha nchi ipumzike. Sisi wakulima wa mlimani tunaelewa. Wazee wetu waliacha sehemu ya shamba ipate nguvu tena. Leo mashamba yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande, na ni wachache wanaoweza kuacha hata kipande kimoja bila kupandwa.

Mara nyingi tunasahau kwamba sura hiyo inalitaja waziwazi swali la watu: mwaka wa 7 tutakula nini, ikiwa hatupandi wala hatuvuni? Mungu hakuwakemea kwa kuuliza. Aliwaahidi kwamba baraka ya mwaka wa 6 ingetosha kuwalisha mpaka mavuno mapya yaingie. Tukumbuke basi: mwaka wa 7 hulishwa na mwaka wa 6. Pumziko halianzi siku ya kufunga ofisi. Linaanza katika mwaka uliotangulia, wakati wawili wanapojaza ghala pamoja.

Mke anayeuliza "tutakula nini?" hana upungufu wa imani. Anauliza swali lililomo katika Maandiko. Mume mwenye busara hukaa chini, akachukua kalamu, na kulijibu.

HESABU YA MEZANI

Tuwarudie wale wawili. Watoto walipolala walichukua daftari. Tuseme matumizi ya nyumba yao kwa mwezi, pamoja na karo ikigawanywa, ni shilingi 60,000. Mshahara wa mke unaofika mkononi ni 38,000. Maziwa na majani ya chai huleta kama 7,000. Zote ni 45,000. Pengo ni 15,000 kila mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka.

Mume alifikiri hesabu imeisha. Mke akauliza: "Na mkopo wa sacco?" Mkopo ulikuwa unakatwa 9,000 kila mwezi katika mshahara wa mume kabla haujamfikia, na kwa kuwa hakuzishika fedha hizo mkononi alikuwa amezisahau. Mshahara ukisimama, makato husimama, lakini deni halisimami. Kwa mwaka ni 108,000. Pasipolipwa, sacco huwageukia wadhamini, nao ni rafiki zake wa ofisi ya walimu, ambao wana watoto wao. Pengo lote sasa ni 288,000. Kulijaza kwa miezi 24 ni kuweka 12,000 kila mwezi. Kulijaza kwa miezi 12 ni 24,000. Kulijaza kwa miezi 3, kama mume alivyotaka, haiwezekani.

Yako mambo mengine ya kutazama. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Anayekwenda likizo bila mshahara aulize mapema mchango wake utaendeleaje, na ahakikishe kwamba yeye na watoto wameandikishwa chini ya mwenzake anayebaki kazini. Aulize pia juu ya akiba ya uzeeni: je, mwaka huo utahesabiwa?

Tazameni tena kalenda ya nyumba yenu. Karo ya muhula wa kwanza ndiyo nzito kuliko zote, nayo hudaiwa Januari. Bonasi ya majani ya chai huja mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba. Fedha za kahawa hukawia baada ya mavuno. Anayeanza likizo bila mshahara mwezi wa Januari, baada ya kuitumia bonasi yote katika sikukuu, amejichimbia shimo mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

PUMZIKO NI LA NYUMBA NZIMA

Hesabu ilipokwisha, mke akasema neno ambalo mumewe hakulitarajia: "Mimi nimefanya zamu za usiku kwa miaka 11. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nitapumzika lini."

Hapa ndipo ndoa nyingi huumia. Mmoja anapata likizo, mwingine anapata kazi maradufu. Amri ya Sabato haikumtaja baba mwenye nyumba peke yake. Ilimtaja mwana na binti, mtumishi na mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Pumziko la mmoja linalobebwa na mgongo wa mwingine halifanani na Sabato hiyo. Na tukisoma Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, tunakuta mwanamume aliyeoa karibuni akiondolewa vitani na katika kazi za umma kwa mwaka mmoja, akae nyumbani na kumfurahisha mkewe. Kumbe mwaka wa kukaa nje ya kazi tangu zamani ulikuwa na mwenzi ndani yake.

Kwa hiyo, kabla ya kupeleka ombi, wawili wapatane juu ya mambo haya:

1. Sababu. Iseme kwa maneno machache yanayoeleweka: kumaliza masomo, kumwuguza mama, kupona kutokana na uchovu. Likizo isiyo na sababu inayotamkika huishia katika vijiwe vya mji. Na ikiwa sababu ni kumkimbia mwenzako, au kumkimbia mkubwa wako wa kazi, sema hivyo kwanza, kwa maana dawa yake yaweza kuwa nyingine.

2. Kazi za nyumbani. Anayebaki nyumbani atafanya nini? Mume aliye likizo aweza kukamua, kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia, kuwaandaa watoto asubuhi, kupika mke anapotoka zamu. Hakuna heshima ya mwanamume inayopotea katika sufuria. Lakini mke naye asimgeuze mumewe mtumwa wa kutumwa kila saa, ikiwa walipatana kwamba saa kadhaa ni za kusoma. Andikeni saa hizo.

3. Umbali. Ikiwa likizo ni ya kusoma Nairobi, kilomita kama 150 kutoka Nyeri, mtaonana mara ngapi? Nauli iwemo katika hesabu. Ikiwa ni ng'ambo, fikirini mara mbili. Wako waliokwenda kwa mwaka mmoja wakakaa mitano, na watoto wakajifunza kumjua baba kwa sauti ya simu. Chuo kilicho karibu, hata kama jina lake si kubwa, chaweza kuwa bora kwa nyumba yenu.

4. Kurudi. Tarehe ya mwisho ijulikane kwa wote wawili. Utakaporudi, je, unatumaini cheo, au unarudi mahali palepale? Usimwahidi mwenzako mshahara mkubwa ambao hakuna aliyekuahidi wewe.

5. Zamu ya pili. Mmoja akipata mwaka wake, mwingine atapata nini, na lini? Si lazima uwe mwaka. Huenda ikawa ni mwezi mmoja bila zamu za usiku, au kozi aliyoitamani siku nyingi. Lakini ahadi iwe na tarehe, isiwe "tutaona".

WIKI ZA KWANZA NI NGUMU

Hata mkipatana vizuri, mtarajie majaribu. Mwanamume anayeonekana mjini Karatina siku ya Jumanne saa nne asubuhi ataulizwa maswali. Watu watanong'ona kwamba amefutwa kazi. Ndugu watafikiri kwamba sasa ana nafasi, na kila mazishi, kila kamati ya harambee itamhitaji. Mwanamke aliye likizo ndefu ataletewa watoto wa jirani awatunze, kwa kuwa "yeye yuko nyumbani tu". Wawili watoe jibu moja kwa watu, na wote walishike. Mkwe akiuliza, asisikie hadithi moja kwa mume na nyingine kwa mke.

Majaribu mengine yako ndani. Aliyezoea kengele ya shule au zamu ya hospitali huamka akiwa hana la kufanya, akaanza kukosoa namna mwenzake anavyopanga vyombo. Aliyezoea kuwa na fedha zake huona haya kuomba za nauli. Anayeleta mshahara naye hushawishika kusema, "Mimi ndiye ninayewalisha." Neno hilo likitoka kinywani halirudi. Wekeni fedha za nyumba mahali ambapo wote wawili wanazifikia, na aliye likizo apewe fungu lake dogo bila kuomba. Kila mwisho wa mwezi kaeni tena na lile daftari. Kama ghala linapungua kuliko mlivyopanga, semeni mapema.

KAMA HAIWEZEKANI

Wako wasomaji watakaosema: haya ni ya walimu na wahadhiri. Mimi nauza nguo Nanyuki. Mimi ni dereva wa matatu ya Othaya. Nikiacha kazi mwezi mmoja, nafasi imechukuliwa. Ni kweli, na si haki kuwaambia watu kama hao kwamba wote waweza kupata mwaka wa kupumzika. Lakini kanuni ni ileile. Anayeuza nguo aweza kufunga kibanda siku moja katika juma, na siku hiyo isigeuzwe kuwa ya kufua na kulima mpaka usiku. Aliyeajiriwa azichukue siku zake 21, asiziuze. Wengi tunaziacha zipotee, halafu tunashangaa kwa nini tunawagombeza watoto. Na jamaa wanaoishi karibu waweza kubadilishana: juma moja dada anamwuguza mama, juma lingine kaka na mkewe. Wazee wa Kikuyu husema kwamba kikundi kidogo huinua kinu.

MWISHO WA BARUA

Wale wawili walifanya nini? Hawakuitupa barua, wala hawakuikubali kama ilivyo. Mume alirudi kuomba likizo isogezwe mbele kwa mwaka mmoja, huku akijua kwamba angeweza kunyimwa. Jambo hilo lilimwuma, kwa maana wenzake aliosoma nao wangehitimu kabla yake. Wakati wa kungoja wangeweka 24,000 kila mwezi. Ili kufikisha kiasi hicho hawakununua gari kuukuu waliloliwazia, na mume akasimamia kahawa ya jirani kwa malipo. Katika daftari, chini ya hesabu, mke aliandika jina la kozi ya wauguzi anayoitaka, na mume akaandika mwaka.

Huenda mipango yao ikavurugika. Mtoto aweza kuugua, bei ya majani ya chai yaweza kushuka. Lakini ikivurugika, itawavuruga wawili wakiwa upande mmoja wa meza. Jioni ile ya barua walikuwa pande mbili.

MASWALI YA KUJADILIANA, MUME NA MKE

1. Kati yetu, nani amechoka zaidi kwa sasa? Kila mmoja ajibu juu ya mwenzake kwanza, kisha juu yake mwenyewe.

2. Je, liko ombi au mpango wa kazi ambao mmoja wetu ameuficha kwa kuogopa jibu la mwenzake?

3. Mshahara mmoja ukisimama kwa miezi 12, pengo letu ni kiasi gani, pamoja na madeni yanayokatwa kabla hatujayaona?

4. Mmoja wetu akipumzika mwaka huu, mwingine atapumzika lini? Andikeni tarehe.

Fanyeni mazungumzo haya watoto wakiwa wamelala na simu zikiwa mbali. Msipomaliza usiku mmoja, msikasirike. Acheni daftari mezani, na kesho jioni mrudi.